Maikrofoni ya Mama

Mdogo wangu kipenzi,

Tu wazima, Mola ashukuriwe, ila Jumatatu mama atapasuliwa koo, na daktari anasema sauti haitarudi.

Basi nikanunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo, nimrekodi hadithi zake. Lakini unamjua mama, akisimulia hujipiga kifua; ikanasa vishindo vitupu! Nikaibadilisha kwa ya mezani, nikaiweka juu ya taulo, nikazima feni.

Kaka yetu akafoka, “Unamzika mama angali hai!”

Nikamwambia, “Sauti kampa Mungu, mimi naitunza. Zima simu yako au toka nje.”

Mama akaivuta maikrofoni karibu. “Mwache akae. Naanza na siku alipokojoa kwenye kitanda cha wageni.”

Kaka apende asipende, nitarekodi mpaka mlangoni mwa hospitali.

Dada yako