Betri Imevimba Tumbo

Jumatatu, 3 Agosti 2009
Nimeshinda ndani tena. Viza yangu ilikufa Juni. Mimi na dirisha tumezoeana. Chini polisi wanakagua pasipoti za wageni kila kona. Anayetoka ni Shabani, Mzanzibari ninayeishi naye chumba kimoja. Mimi nimeachiwa sampuli: chaja na betri ya jeli. Nikimwambia zinafaa, mzigo wa duka lake unapakiwa, naye Jumamosi anaruka nyumbani. Mkewe anakaribia kujifungua.

Chaja nimeisoma kwa kuikodolea macho. Kwanza inasukuma umeme kwa nguvu zote. Betri ikikaribia kujaa, inashikilia volti pale pale, ampea zinapungua kidogo kidogo. Mwisho inashusha volti, inailinda tu isishuke. Ina adabu kuliko wageni wengi niliowalisha.

Jumanne, 4 Agosti
Chaja ina modi tatu: betri ya maji, ya jeli, na kufufua betri mfu. Nimeweka jeli, haivuki volti 14.1. Nikaenda kuoga.

Shabani akaona ampea zinashuka. Dukani kwake nyumbani betri haijajaa mpaka mteja aisikie ikitokota. "Ndugu yangu, chaja yako imechoka!" akapiga kelele, akabonyeza hadi kufufua. Volti karibu kumi na sita. Jeli haiongezwi maji, ikichemka, basi. Nimetoka bafuni, betri imevimba tumbo.

"Naona na hii ni mjamzito," nikamwambia. Hakucheka.

Jumatano, 5 Agosti
Nilimsihi asitoke kwanza. Pasipoti yake iko kwa wakala anayemwongezea viza imfikishe Jumamosi. Mfukoni ana fotokopi tu. "Mie halali, bwana. Aogope mwenye kesi."

Mwenye kesi ni mimi.

Akaenda kutafuta betri nyingine. Giza limeingia. Hajarudi.

Alhamisi, 6 Agosti
Laoban, yaani bosi kwa Kichina, mzee mwenye duka la betri, kapanda ngazi zote na betri mpya begani. Kanionyesha kwa mikono: Shabani kalipa, kageuka, polisi mlangoni. Fotokopi haikuwatosha. Kisha kaunganisha vifundo vya mikono yake, kama katiwa pingu.

Wakala kazima simu. Nikienda kumtetea, tutalala ndani wawili. Sikwenda. Mwoga. Naandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Agosti
Mkewe kapiga. "Shemeji, mbona Shabani hapatikani?" Nikasema yuko kwenye mizigo. Uongo umenitoka laini kabisa. Akanishukuru. Hilo ndilo limenimaliza.

Jumamosi, 8 Agosti
Ndege ya Shabani imeondoka bila yeye. Wakala bado hapatikani.

Betri mpya nimeiweka modi ya jeli. Mchana ikajaa. Ampea chini, taa ya kijani, chaja haina joto wala sauti. Hivi ndivyo inavyotakiwa kukaa.

Sijaichomoa. Shabani akirudi, aiguse mwenyewe.