Damu ya Njiwa wa Baba

4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linajifanya lina miaka mingi kuliko mimi. Na wewe je, unakula au unaonja tu?

Kuku wa baba yako mdogo wanakufa kwa ugonjwa wa damu, naye anasema njiwa wangu ndio waliouleta. Jambo hili amelivalia njuga mpaka kamati ya mtaa. Bwana mifugo akaongeza kwamba nzi wanaouma wanaweza kweli kuuhamisha kutoka ndege mmoja hadi mwingine. Amri imetoka: njiwa mwenye ugonjwa wa kuku achinjwe, na nisipoleta vipimo mwezi ujao, wachinjwe wote. Nimewafuga tangu ukiwa darasa la pili. Sikubali.

Kazi yako ni kupima damu za ndege. Nimetia matone yao kwenye zile karatasi za kukaushia damu ulizoniachia. Andika kwamba ni wasafi.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, na ninakula. Pole na goti.

Hizi damu ni za makinda, ambao vimelea vya ugonjwa bado havijawaingia damuni. Usibishe. Njiwa wazima wa banda lile, wote, bila kimelea hata kimoja? Wale nzi bapa wanaotambaa chini ya manyoya yao na kuvieneza wamehamia wapi? Umenichezea shere, baba, na imeniuma. Sitaandika uongo, hata kwa ajili yako.

Nitumie damu za wakubwa wote, na za kuku pia. Usiuogope uchafu. Vimelea navyo vina koo, kama watu wenye ukoo huu na ule. Kwenye darubini vinafanana, lakini tukisoma vinasaba vyao vinaachana. Njiwa kuwa na vimelea si kosa. Kosa ni kuwa na vile vya kuku.

Mwanao

20 Machi

Binti,

Salamu. Sijambo. Sitatuma. Nilikusomesha unitetee, sasa unanipeleleza.

Baba yako

11 Aprili

Baba, shikamoo. Natumaini u mzima.

Bahasha ilifika bila hata salamu, damu tu, za njiwa wakubwa na za kuku, lakini nilifurahi mno kuiona.

Njiwa wako wamebeba mji mzima. Nimekuta koo tisa, na mbili hatujawahi kuziona popote. Bosi wangu amekuja kuchungulia mwenyewe. Ukoo unaoua kuku ni mwingine kabisa, na unaenezwa na usubi, wale nzi wadogo mno wanaouma, sio wale nzi bapa wako.

Njiwa wako hawana ukoo huo, isipokuwa mmoja. Jike mweupe anao huo wa kuku. Nimerudia kipimo nikitamani niwe nimekosea. Nilitamani pia kumwacha nje ya ripoti, nikashindwa. Isome yote.

Mwanao

27 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi, nyingi kweli safari hii. Mimi mzima.

Niliisoma mbele ya kamati. Nilipofika kwa jike mweupe nilitaka kuiruka sehemu hiyo. Kisha nikamwona baba yako mdogo anavyonitazama, nikapasoma kwa sauti kubwa kuliko pengine pote. Akadai wachinjwe wote, mmoja akiwa nao wote wanao. Nikamwambia koo tisa zimepimwa na mwanangu, yeye kapima nini? Bwana mifugo akasimama upande wangu. Wote wakasalimika, ila mweupe wakampa mpaka Jumamosi.

Nikarudi nyumbani, nikashusha chandarua cha kitandani kwangu, nikakikunja mara mbili ili usubi usipite, nikamfunika humo na tundu lake.

Jumamosi walikuja watatu, baba yako mdogo mbele. Nikaweka kiti mlangoni.

"Mnaogopa nzi wanaouma," nikawaambia. "Atakayenionyesha nzi mmoja ndani ya chandarua hiki, kisu nampa mimi mwenyewe."

Walichungulia asubuhi nzima. Aliyeumwa na usubi ni baba yako mdogo, shingoni, akiwa nje ya chandarua. Wakaondoka wakisema watarudi. Na warudi, kiti sijakitoa.

Nitumie chandarua kingine upesi. Mimi huku naliwa mzimamzima, na jike wako mweupe anataga.

Baba yako, na wa njiwa wote