Taa ya Njano ya Shemeji Huseni

Stesheni ya Mpakani

Dada yangu Naima,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba mgongo umepata nafuu baada ya kuokota korosho. Mimi afya ipo, alhamdulillahi, ila moyo ndio mgonjwa. Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini shemeji Huseni huipokea simu yako kabla yako na kuiweka sauti ya juu mpaka jirani asikie, na haya hayafai kumfikia hivyo. Nimemkabidhi Haruna, anayesafiri kuja huko, akufikishie mkononi hapo Kiranjeranje.

Kazi huku ni nyingi. Tangu mwaka jana wakubwa wa reli wa nchi mbili wanakaa meza moja kutunga kanuni moja ya taa na uongozaji wa treni, ili dereva akivuka mpaka asikute mambo mageni. Mimi mwongoza treni wa kawaida nimeitwa kwa kuwa nimekaa hapa muda mrefu. Wanabishana kuliko wazee wa posa. Bi Romana wa ng'ambo alisema hawawezi kubadili taa ambazo hata watoto wao wanazijua, na wakubwa wetu wakajibu kwamba sisi pia tuna watoto. Nilicheka, kisha nikajuta kucheka.

Zamani, kama shemeji alivyokuwa akitusimulia, treni ikifika hapa dereva alishuka, akampa mkono mwenzake wa upande wa pili, na kila mtu akaendesha kwao. Taabu ilianza walipoufuta utaratibu huo ili mizigo isikawie, kabla kanuni hazijaunganishwa. Huseni alichaguliwa kuvuka kwa sababu alikuwa amefanya kazi kule ng'ambo miaka mingi. Asubuhi ile ya ajali, akiingia kwetu, aliona taa ya njano inayowaka na kuzimika. Kule maana yake ni punguza mwendo, njia ni yako mpaka stesheni. Kwetu ilikuwa jiandae kusimama. Yeye akafuata maana ya kule, akapunguza mwendo na kuendelea. Mbele yalikuwa yamesimama mabehewa ya mahindi. Mengine unayajua: msaidizi wake Benedicto alikufa, na shemeji akafukuzwa kwa uzembe, akarudi nyumbani na jina la muuaji.

Sasa keti, dada. Juzi wamekubaliana. Taa ile itakuwa na maana ya kule ng'ambo, pande zote mbili. Alivyofanya Huseni ndivyo kila dereva atakavyotakiwa kufanya. Niliinuka nikaomba shauri lake lifunguliwe upya. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, akasema kanuni mpya hairudi nyuma, na kwa sheria ya siku ile Huseni alikosa. Kisha wakanipa kazi ya kuwafundisha madereva, na ajali ya shemeji ndiyo mfano wa somo la kwanza. Nilikasirika, na hasira bado ninayo.

Lakini kinachonitesa zaidi ni jingine. Uliniambia kila msimu shemeji anakwenda Mtanda kumpelekea Bi Tekla, mama yake Benedicto, mahindi na muhogo, na kwamba siku hizi mama yule anamwita mwanangu. Shemeji amelikubali kosa lile, na maisha yake yote sasa yamekaa juu yake. Naogopa kumletea habari kwamba hakukosa. Akijua Benedicto alikufa kwa sababu wakubwa walichelewa kukaa mezani, sijui atapumua au atavunjika. Sina ujasiri wa kuamua. Wewe ndiye unayeishi naye, unajua anavyoamka na anavyolala. Ukisema aambiwe, nitaomba likizo nije nimwambie mwenyewe, macho kwa macho. Ukisema anyamaziwe, nitanyamaza, ingawa wanafunzi wangu watajua kabla yake.

Wasalimie watoto na majirani wote wanaoniulizia. Shemeji naye mpe salamu zangu, zile za kawaida tu, mpaka utakapoamua.

Mdogo wako,
Rehani