Siku Niliyomfungia Zena

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Ndia Kuu. Nyumbani ni wazima, ila mimi pumzi zimepungua, kwa hivyo nakujibu mapema. Umeniuliza kama uwafiche wakwe kwamba mwanao hasikii.

Miaka ya sitini, wanawake wa posa walipokuja kutoka Lamu kunitazama, nilimfungia dada yangu Zena stoo. Alikuwa haoni, nami nilihofu wakimwona wataniacha.

"Mmezaliwa wangapi, mwanangu?" aliniuliza mama wa bwana harusi.

"Niko peke yangu, mama."

Zena alikuwa na kikohozi, na ukuta ulikuwa wa mbao tu. Niliwamiminia kahawa, nikisubiri akohoe. Hakukohoa. Walipoondoka nikafungua mlango, nikamkuta amejitia leso mdomoni, jasho linamtiririka.

"Wamekupenda?" akauliza.

Hadi siku hiyo nilidhani aibu yetu ni macho yake. Baada ya harusi wakwe walimjua, wala hawakujali. Lakini mimi sikumwomba radhi mpaka akafa.

Mpakate mwanao mbele yao, Rukia. Mimi naogopa kufa, kwa kuwa Zena nitamkuta huko.

Ni mimi nyanyako.