Beseni la Pili

Mtongwe, 3 Machi 1988

Kwako Badi, Baba Kuluthum,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na kikohozi cha hayo majivu ya kiwandani kimepungua. Sisi wazima. Kuluthum ameota jino la pili, huning'ata akinyonya kisha akacheka. Vipele vya mapajani ndivyo havijamwacha. Najua ni nepi. Maji ya kisima chetu wayajua: sabuni waisugua mpaka yaisha, povu hulioni, na nguo ikikauka yataka kusimama yenyewe.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Ulipokuja mwisho wa mwezi nilikunja mashati yako. Yamelainika. Kola hazina ule utando mweupe. Lile la samawati, kifungo cha tatu kimetiwa kwa uzi mwekundu, nami uzi mwekundu sina. Nilikuuliza nani akufuliaye, ukasema, "Shati ni shati, Salme," ukageukia ukutani. Mume hageukii ukutani kwa ajili ya shati.

Nilimweleza jirani yetu Mwanasaumu, naye ameolewa mara tatu, akanicheka. Akasema mwanamume akirudi safi kuliko alivyoondoka, kuna beseni la pili.

Basi nakuuliza kwa upole. Liko?

Mkeo,
Mama Kuluthum


Changamwe, 10 Machi 1988

Mama Kuluthum,

Wa aleikum salaam. Mimi mzima, mgongo umepoa, kikohozi twaishi nacho. Nibusie jino la Kuluthum.

Beseni ni moja tu, la bati, na halina mwanamke. Zaidi ya hapo nimeapishwa nisiseme.

Anayekuletea barua ni Tsofa, mwenzangu wa zamu. Atakupa na kifuko. Usikifungue. Kitie ndani ya ndoo ya maji ya kisima tangu alfajiri hadi adhuhuri, uwe ukikigeuzageuza, kisha fulia nepi maji hayo na uzisuuze vizuri. Usiyanywe. Usimwambie mtu.

Mashaka yaweke kando.

Mumeo,
Baba Kuluthum


Mtongwe, 25 Machi 1988

Baba Kuluthum,

Salaam. Mgongo wako? Sisi afya tunayo, alhamdulillahi.

Nilikitia. Siku ya kwanza povu lilinifika viwikoni, nikacheka peke yangu uani kama mwehu. Nepi zikawa laini, vipele vikakauka, nikakuombea dua. Siku ya kumi na moja povu likakatika, kama mgeni aliyeondoka asiage.

Ndipo nikakitazama kifuko vizuri. Mdomo wake umeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule ule wa kifungo, na mishono ile ile, mirefu, imekwenda upande.

Shule niliachia darasa la tano, lakini uzi naujua. Aliyekutilia kifungo ndiye aliyeshona kifuko. Usifungue, usinywe, usiseme: hayo ni masharti ya mganga. Mke mwenzangu kaniletea dawa, nami kwa mkono wangu naitia kwenye nguo za mwanangu.

Mwanasaumu asema dawa ya mtu haitupwi jaani. Huachwa bahari ikajaa juu yake na kupwa, nguvu ziishe, kisha hufukiwa. Kesho nakipeleka gati la zamani.

Nitajie jina lake. Ramadhani yakaribia, na sitaki kufunga nikiwa na kinyongo na mtu nisiyemjua.

Mkeo,
Mama Kuluthum


Changamwe, 29 Machi 1988

Mama Kuluthum,

Salamu nyingi, na moyo hautulii. Usikitupe.

Nimeomba ruhusa nikwambie. Hapa huchomwa makaa ya mawe, na majivu yake laini, yale yanayopanda na moshi, yamekuwa kilima nyuma ya bohari. Karani wa bohari, Bwana Mohdhar, zamani mwalimu wa sayansi, huyapika na soda kali ya watengeneza sabuni kutwa kucha, akayaosha mpaka yasichome. Hutoka chembe aziitazo zeolaiti. Maji yetu yana chokaa, ndiyo inayoua povu. Chembe hizo huinyonya. Mpishi ni mimi, na mfuaji ni mimi, kwa mashati yangu mwenyewe. Wakubwa wakijua kabla hatujafaulu, sote wawili hatuna kazi.

Lakini zikishashiba chokaa zafa. Mohdhar ana ukurasa mmoja tu wa jarida, wa kuzipika. Ukurasa wa kuziamsha haukumfikia. Alijaribu asidi, ikaziharibu. Tarehe kumi na moja atawaonyesha wakubwa, na tukikosa la kusema yote yaisha.

Uzi ni wa kushonea magunia. Aliyeshona ni mimi.

Mumeo,
Baba Kuluthum


Mtongwe, 2 Aprili 1988

Baba Kuluthum,

Wa aleikum salaam. Moyo wako utulie kidogo, nasi tu wazima, mtoto amelala.

Barua yako ilichelewa. Kifuko nilikwisha kukifunga kwenye nguzo ya gati, bahari ikajaa juu yake, ikapwa. Nilikuwa nikifukie kama nilivyoambiwa. Lakini kitambaa chake ni merikani nzito, chatoa nepi mbili, nikaona hasara. Nikakirudisha nyumbani, nikakisuuza mara mbili chumvi itoke, nikakiloweka kwenye beseni la maji ya kisima tangu asubuhi, adhuhuri nikatia sabuni nikifue kabla sijakifumua.

Likapanda povu mpaka likanimwagikia miguuni. Mwanasaumu alikuwa ameketi hapo. Akasema, "Hilo si la kwetu, mwanangu," akajifunga kanga akaenda zake. Tangu siku hiyo hapiti uani.

Nilikaa nikiogopa mpaka Tsofa alipoleta barua yako. Sasa naona ni bahari. Mwambie Bwana Mohdhar aziloweke kwenye maji ya bahari, au ya chumvi ya jikoni, kabla ya hiyo tarehe. Mwambie ukurasa wake uliopotea ulikuwa Mtongwe.

Hayo ni ya majivu. Ya uzi bado. Maji nimeyaamini kwa kuwa nimeyaona. Uzi sijauona ukishonwa.

Ijumaa njoo. Lile shati la samawati uliloliacha hapa nimelikata kifungo cha tatu. Sindano iko juu ya sanduku, uzi njoo nao. Utaketi mkekani, Kuluthum akikutazama, ukitie mbele yangu. Mishono ikitoka mirefu, ikaenda upande, nitakupikia pweza wa nazi na sitakuuliza tena maisha yangu.

Ikitoka mizuri, Badi, sijui.

Mkeo,
Mama Kuluthum