Ukuta Nyuma ya Kichwa Changu

Tata,

Wamenifuta. Nakuambia mapema ili usianze kuuliza nimetoka wa ngapi. Binti yako, bingwa wa nchi wa kuogelea mitindo minne, amefutwa mashindanoni Kinshasa mbele ya watu wote, na kosa ni lako.

Ndiyo, lako. Pisini ya Kapata, bwawa letu la mazoezi, ilipokauka na kina mama wakaanza kuanika mihogo ndani, ulinipeleka ziwani Nzilo, ukakaa kwenye mtumbwi ukajifanya ukuta. Kipepeo, chura, huru, katika mitindo hiyo naona ninakokwenda. Lakini mgongo! Mimi natazama mawingu, wewe, uliyezoea kuniita Mama, unapiga kelele, "Mama, ukuta ni hapa!" nami nanyoosha mkono, nagusa mtumbwi. Kwenye mashindano ulitembea kando ya maji ukipiga kelele hiyohiyo, makocha wengine wakikucheka. Nilishinda hivyo miaka yote. Kumbe wenzangu wakishapita chini ya vibendera vinavyoning'inizwa karibu na mwisho wa bwawa wanahesabu mikono yao hadi ukutani. Kwa nini hukunifundisha kuhesabu, Tata?

Haya yalikuwa mashindano ya kwanza tangu tukuzike. Kwenye kipepeo niliongoza. Nikaingia mgongo, nikasubiri sauti yako. Nilijua umekufa, mimi mwenyewe nilikuchagulia koti la kuzikiwa. Masikio yalikataa kuamini. Nikaogopa kugonga kichwa, nikageukia tumbo kuutafuta ukuta kabla ya kuugusa. Sheria inataka uguse ukiwa bado chali. Basi, hilo tu. Medali wakampa msichana ambaye siku zote namwacha nyuma.

Sasa viongozi wa timu wanataka niache mitindo minne, nibaki na huru pekee. Eti itakuwa rahisi kwangu. Nimewakasirikia wao, nimekukasirikia wewe, na nimekukumbuka sana. Sijui kama mtu anaruhusiwa kumkasirikia marehemu.

Nimewakatalia. Siku hizi Mama ndiye anayekaa kwenye mtumbwi, yeye anayeogopa hata maji ya beseni. Mara ya kwanza alipiga kelele nikiwa bado mbali kabisa: "Utakufa, mutoto yangu!" Nimemwomba afunge kinywa. Nahesabu mwenyewe.

Pumzika, Tata. Sitaacha mbio zetu, na sitageuka tena kabla ya kugusa. Nakuahidi. Jana nilikosea hesabu nikagonga mtumbwi kwa kichwa, utosi ukavimba, Mama akalia. Lakini nilikuwa bado chali.

Binti yako,
Mwadi