Watani Wako Hawakuvaa Kofia

Mpangaji wangu Roni,

Kwanza nikuombe radhi, ndipo salamu zifuate. Chumba chako hapa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, nimekifunga. Wanakuja watu kukiulizia, nawaambia paa linavuja. Uongo mtupu.

Siku uliyokuja ukichechemea na begi lako moja, nilishangaa. Kampuni yenu ya kuchimba visima ilikuwa na nyumba nzuri, Waingereza wenzako wawili wakikaa humo, wewe wataka chumba kwa mjane! Nikakuita Mwingereza, ukaruka: "Mama, mimi Mwaustralia!" Nikakujibu haya baba, jua la Tabora linawaunguza wote sawasawa. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye ndoo.

Kila Jumamosi, mkirudi kutoka kazini Goweko, wale wawili walipita barazani kunywa chai. Wakikuita mjukuu wa wafungwa, eti babu zako walipakiwa melini kwa kuiba mkate. Nawe ukiwaambia wao wanaogopa maji ya kuoga. Mimi Mnyamwezi, masikio yakanisimama. Kumbe hawa ni watani!

Nikakueleza: mtani anakutukana nawe hununi, lakini siku ya msiba wako ndiye wa kwanza kufika. Mume wangu alipofariki, Mzee Pazi, yule Mzaramo wa nyumba ya pili, alivaa kanzu ya marehemu akazunguka uani akikohoa kama yeye, akifoka mbona chai haina tangawizi. Nilicheka, Roni, na maiti bado iko ndani. Nikakwambia una bahati, una watani wawili.

Halafu ile Jumamosi. Walikuwa wameshaondoka, wewe umebaki na vikombe mkononi. Ukaniuliza, "Mama, neno la mtani likiingia moyoni je?"

"Haliingii," nikakujibu. "Mtani hamuumizi mtani."

Ukaviosha vikombe vyote peke yako. Nami nikaenda zangu kuswali, nimeridhika kabisa.

Moyo wako uliposimama kule Ziba, ukiwa kazini, dada yako alituma ujumbe kwamba uzikwe huku ulikopenda. Nikaiweka kofia yako juu ya kiti, na jasho lake vilevile. Nikawatangazia majirani: subirini vituko, watani wa Roni wanakuja.

Walikuja, suti nyeusi, wakasimama mlangoni. Nikampa mkubwa wao kofia. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia.

"Pole sana, mama. Kwa kweli mimi sikumfahamu sana."

Miaka saba ya chai yangu! Majirani wakanitazama, nikatamani ardhi inimeze. Lakini simlaumu yeye, labda kwao ndivyo wanavyolia. Najilaumu mimi na mdomo wangu. Hukuwa na mtani hata mmoja, baba. Ulikuwa unatukanwa tu, na siku uliyotaka kumwambia mtu, mtu huyo alikuwa mimi, nikakuziba mdomo kwa mila za kwetu.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Basi kabla hawajakubeba niliivaa kofia mwenyewe, nikachechemea kama wewe mpaka kwenye ndoo, nikapaza sauti: "Mama, mimi Mwaustralia!"

Watu wakainamisha vichwa. Nikaona nimejiaibisha. Ndipo Mzee Pazi akajibu kutoka kule nyuma, "Kaa chini, mjukuu wa wafungwa, chai inakuja!" Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kuendelea, wakanishika mkono wakanipeleka ndani.

Baraza ipo. Jumamosi natoa viti viwili, changu na chako, wapita njia waseme watakavyo. Lile swali lako sikulijibu vizuri, na sasa nimechelewa. Linaingia, Roni. Neno la mtani linaingia moyoni. Weka vikombe chini, baba, kaa hapa, uniambie.

Ni mimi,
Mama mwenye nyumba wako